Ufunguo wa Kasha

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limetulia na wajukuu wanakuachia japo nafasi ya kupumua. Mimi nipo, nyonga iliyopasuliwa miezi miwili iliyopita inaniruhusu kupanda ngazi, ingawa kila kidato tunagombana.

Kwanza mwanao, usije ukashtuka. Hajarudia unga wa kulevya. Huu ni mwezi wa saba, kila asubuhi anakwenda kliniki, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha anafungua karakana yake ya useremala.

Sasa nikueleze habari ya kasha. Binti wa fundi cherehani alizimia kwa vidonge vya maumivu alivyovitoa kabatini mwa bibi yake. Watu hudhani sumu huletwa na wageni wa vichochoroni, kumbe mara nyingi imo nyuma ya kopo la sukari, imebaki tangu mgonjwa alipopona au alipofariki. Tukaunda kamati: kila nyumba ilete mabaki, fundi cherehani ayaandike, nami, mtoa dawa mstaafu, niyatunze hadi gari la hospitali lije kuyachukua. Kasha akalichonga mwanao. Tundu la kutumbukizia dawa alilipinda mara mbili kwa ndani, mkono usipenye, akasema mkono wenye kiu una akili kuliko mwenyewe. Ufunguo nikapewa mimi.

Jumamosi gari lilipokuja, vidonge thelathini na viwili havikuonekana. Mkutanoni fundi cherehani hakumumunya maneno: fisi hapewi bucha alinde, na aliyechonga kasha ndiye ajuaye kulifungua. Kinyozi akadakia kwamba huenda kijana alijichongea kabati lake mwenyewe, watu wakacheka. Wakakata shauri ahame mtaa kabla ya wiki kwisha. Mwanao alisimama, akanitazama, akaketi. Nami, mwenyekiti, nikafunga mkutano.

Mdogo wangu, kasha lilifunguliwa kwa ufunguo. Ni mimi. Daktari aliniandikia vidonge vya wiki mbili. Wiki ya tatu mwili ukaanza kudai. Miaka arobaini nimewaeleza watu dirishani kwamba dawa hizi huondoa maumivu, kisha huwa ndizo maumivu. Nilidhani ajuaye jina la nyoka haumwi.

Jana nilimfuata karakanani na hotuba ndefu kichwani. Hakuniacha niimalize. Alisema alijua tangu mwezi uliopita, kwa ninavyojikuna na kusinzia katikati ya maelezo yangu, na kwamba Mjomba hawezi kuyalalia maelezo yake mwenyewe akiwa mzima. Nilimuuliza mbona hakunitaja. Akajibu kuwa siku alipoiba redio yangu, mimi niliwaambia majirani nimeiuza. Kisha akachukua randa, akaendelea na ubao wake, akaniambia kliniki hufunguliwa saa moja, foleni ni ndefu, atanishikia nafasi.

Leo saa kumi nimeitisha mkutano. Ufunguo uko hapa mezani, karibu na kalamu. Mwanao ndiye atakayeitia barua hii posta kabla hatujakaa, ili nisipate pa kurudi nyuma.

Wabusu wajukuu. Najua kila usiku unamwombea mwanao. Dua ni hiyohiyo, niongeze tu na mimi.

Ni mimi,
Kaka yako