Kichwa cha Nasieku

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Nasieku tumemchinja jana. Yule kondoo uliyeniachia, ukasema ana akili kuliko mimi. Alianza kuzunguka upande mmoja tu, mpaka anaanguka, akiinuka anazunguka tena. Ormilo, ule ugonjwa wa kizunguzungu, kama wale waliomtangulia. Nimelia, Baba. Kwenye msiba wako sikulia vizuri, halafu namlilia kondoo. Sijui imekaaje.

Kaka Lemburis alipokipasua kichwa nilikuwa pembeni yake. Kwenye ubongo kulikuwa na kifuko cha maji, laini kama yai lisilo na ganda. Chuo cha mifugo, Tengeru, wametufundisha kwamba huyo ni mtoto wa tegu, mnyoo anayeishi tumboni mwa mbwa. Mbwa anaacha mayai kwenye majani, kondoo anayala, mtoto wa tegu anapanda mpaka kichwani. Kondoo akichanganyikiwa anachinjwa, mbwa anapewa kichwa, na tegu amefika kwao. Mwalimu anasema ni kazi ya jeni za tegu. Miguu ni ya kondoo, safari si yake.

Hapo ndipo nilipopotea. Maana kichwa hakijipeleki kwa mbwa. Ulikipeleka wewe. Miaka yote ulimwita Popi, mbwa wetu, ukamwekea juu ya lile jiwe la langoni, ukasema, "Kichwa ni cha mlinzi." Nilijua huo ni wema wako. Sasa sijui. Ulikuwa wema, au na wewe tegu alikutuma? Nilimuuliza mwalimu. Akasema tegu hana nia yoyote. Jeni zilizofanikiwa kumfikia mbwa ndizo zilizobaki, nyingine zilipotea, basi. Nikaandika. Sikuelewa. Kama hakuna aliyekusudia, mbona wewe ulikuwa unatabasamu?

Akaongeza kwamba nusu ya jeni zangu zimetoka kwako. Labda ndiyo maana jana, huku najua yote hayo, nilikibeba kichwa cha Nasieku mpaka kwenye jiwe. Popi alikuwa ameshakaa. Mkono umenyooka, Baba, na nikajisikia nikisema kichwa ni cha mlinzi.

Nikaurudisha mkono.

Lemburis anataka Popi auawe. Anasema ndiye mchawi wa zizi hili. Lakini Popi bado analala langoni kukusubiri, Baba. Sisi wengine tumeshakubali kwamba hutarudi. Yeye peke yake hajakubali. Nitamuuaje?

Kichwa nimekizika nyuma ya zizi, shimo refu, na mawe juu. Dawa ya minyoo nilinunua dukani kule Sakina, nikamchanganyia Popi kwenye ugali. Nimemwambia Lemburis mzigo wa zizi nitaubeba mimi. Amenuna, lakini panga amelirudisha ndani. Popi alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Basi nikachukua mnofu uliokwisha kuiva kutoka kwenye sahani yangu, nikauweka juu ya jiwe. Wema huo sijui umetoka kwako au kwangu. Ninachojua, tegu hakuutuma.

Pumzika, Baba. Dawa ya Popi sitairuka, na kila tukichinja atakula pale pale kwenye jiwe lake, ila kichwa hatakiona tena. Kama mkononi mwako mlikuwa na wema, huo ndio niliobakiza.

Mwanao, Neema