Mama, Nimeandika Kwamba Najua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifikia, lakini kukuandikia bila salamu ningeona umenikunjia uso huko uliko.

Nina furaha, Mama, na wewe ndiye niliyezoea kumkimbilia nikiwa nayo. Unakumbuka jokofu letu pale Mpendae lilipozima, barafu zako za ukwaju zikaanza kurudi juisi? Nililifungua kwa nyuma, nikauona waya ulioungua, nikaubadilisha. Jirani yetu Bi Mgeni akasema mwanao fundi. Ukanifinya paja, ukamjibu, "Aa, anajaribujaribu tu." Alipotoka ukacheka mpaka ukakaa chini, ukaninong'oneza, "Jicho la watu lina sumu, mwanangu. Mtu hajisifu, husifiwa." Barafu za kwanza zilipoganda ukanipa mimi.

Nikakua na hilo. Nikasomea ufundi wa mitambo ya baridi, nikafanya kazi hotelini Nungwi mpaka mkataba ukaisha, kisha nikaanza kuomba kazi mjini. Wasifu wangu niliuandika kwa adabu zako zote: majokofu, najua kidogo; viyoyozi, ninajaribu; mengineyo, waulizeni walionifundisha. Kila nilikoupeleka, kimya. Hata usaili sikuitwa, na nikaanza kuamini kwamba kweli sijui.

Nikampelekea Salum, mwana wa kaka yako, ambaye kazi yake ni kuchambua maombi ya kazi ofisini kwao. Akasoma, akavua miwani.

"Nshasoma, Asha. Huyu wa humu mimi simjui."

"Kwetu mtu hajisifu," nikamwambia.

"Nani kakwambia ujisifu? Sema ulichokifanya. Anayechambua ana rundo la barua mbele yake, na hana Bi Mgeni wa kumuuliza."

Tukakaa kwake Bububu, tukaandika upya. Tangazo moja la kazi lilitaka mtu anayejua kompresa na vyumba vya baridi, basi tukayataja maneno hayo hayo, kila moja na kazi niliyoifanya kwa mikono yangu kule Nungwi. "Kidogo" zote zikafutwa. Kila mstari nilijikunyata, nikihisi vidole vyako pajani. Kabla ya kuutuma nikasoma Kul-audhu zote mbili, kinga ya hasidi, nikaipulizia kompyuta. Salum alicheka, lakini amina akaitikia.

Jana wenye kazi hiyo wakapiga simu. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikauliza, "Ndiwe uliyekifufua kile chumba cha baridi cha hotelini, kilichowashinda mafundi wengine?"

Ile "aa" yako ilishafika kwenye ulimi. Nikaimeza.

"Naam, ndimi."

Wameniita kwenye usaili Alhamisi. Simu ilipokatika nilicheza jikoni peke yangu mpaka kanga ikanidondoka. Kazi hii ninaitaka, Mama, na nikiikosa Alhamisi, angalau watakuwa wamenikataa mimi mwenyewe, siyo yule mjaribu wa kwenye karatasi. Wala sioni kama nimekuasi. Ulinificha kwa sababu uliniona wa thamani. Mtu hafichi takataka. Hilo nimelielewa jana tu, na limenitoa machozi ya raha.

Salum nimemnyamazisha, na Bi Mgeni bado hajasikia lolote. Habari njema huanza kwa mama, ndipo ziende mtaani.

Mungu akulaze mahali pema, akupe na wa kuzungumza naye.

Mwanao,
Asha, fundi