Pikipiki ya Jeshi Tuliyoipaka Nyekundu

Mwanjelwa,
Mbeya.
15 Juni 2025

Mpendwa kaka Zubery,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na joto la Muscat halijakumaliza. Mgongo je, bado unakusumbua ukishusha mizigo huko ghalani? Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetufungia ndani, na Adamu wangu anaota meno, kwa hiyo silali. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue nimempakata.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Nikikupigia, binti yako Ruwaida hukaa ubavuni kwangu akisikiliza kila neno, na hili sikutaka alisikie. Jirani yetu Yusta anarudi huko kazini keshokutwa, atakuletea.

Zawadi yako ilifika salama. Ruwaida aliruka ruka, kisha akafungua boksi akaacha kuruka. Pikipiki ya kuunganisha ni nzuri, lakini ni ya jeshi: plastiki ya kijani, bunduki ubavuni, na askari wake mwenye kofia ya chuma. Akaniuliza, "Shangazi, kwani baba alikuwa mwanajeshi?" Nikamwambia hapana, baba yako alikuwa anabeba vitunguu kwa pikipiki Ruaha Mbuyuni, anavitoa mashambani anavileta barabara kuu. Akasema, "Basi hii siyo yake. Tuitengeneze iwe yake."

Basi jioni zangu zimeishia huko. Bunduki hatukuigundisha kabisa. Masanduku ya risasi nayo tuliyaacha, mahali pake mume wangu Habibu akatukunjia keria ya waya, nami nikashona kigunia nikakifunga kwa mpira wa tyubu, kama ulivyokuwa unafunga wewe. Namba nyeupe za biashara tumezikata kwenye boksi la dawa ya Adamu. Rangi ni yangu ya kucha, nyekundu. Ilipochuruzika nikaifuta kwa ile dawa ya kutolea rangi, kumbe inayeyusha plastiki. Tangi likabonyea. Nilitaka kulia. Ruwaida akalitazama, akasema, "Acha tu shangazi, hapo ndipo baba alipoanguka nayo." Nilidhani alikuwa mdogo mno kukumbuka.

Askari tulimkwangua ile kofia kwa wembe, tukampaka shati la bluu. Nyuma yake Ruwaida akafinyanga abiria kwa nta ya mshumaa, msichana mdogo aliyemshika dereva kiuno. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Dereva nimwekee sharubu za baba Zubery au kipara cha baba Habibu?"

Ndiyo, kaka. Siku hizi Ruwaida anamwita mume wangu baba. Alianza wakati wa Ramadhani. Habibu mwenyewe alimwambia, "Mimi ni mume wa shangazi, baba yako yupo Muscat." Akamjibu, "Huyo wa kwenye simu namjua." Nami kila akisema nasahihisha, naye ananitazama kama ninayemnyang'anya kitu. Kuhusu zile sharubu, nilimwambia tusubiri rangi ikauke.

Simlaumu mtoto. Tangu mama yake, wifi Mwanakhamisi, atutoke, ni Habibu anayemvalisha soksi asubuhi na kumpokea madrasa. Usinielewe vibaya, hatujachoka naye. Kilichonichosha ni kumwambia baba anakuja, wakati sijui kama unakuja.

Ulisema mkataba wako unaisha mwezi wa tisa, na bosi anataka usaini tena. Kaka, mimi ni mdogo wako na sikuamrishi, ila hili naomba unisikie. Usisaini kabla hujaongea naye. Ukirudi, chumba kipo, na vitunguu bado vinalimwa. Ukiamua kubaki, umwambie wewe kwa mdomo wako, siyo mimi. Na kuanzia siku hiyo sitamsahihisha tena.

Nami pia nimekukumbuka. Nikisikia pikipiki inazimwa nje, bado nageuka.

Mama huko Iringa anakusalimu, anasema upunguze chumvi. Habibu anakusalimu sana. Ruwaida nilimuuliza nikupe salamu gani kutoka kwake. Amefikiri, akasema nikuambie yuko darasa la pili, kama hujui.

Mwenyezi Mungu akulinde ulipo na akulainishie njia.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa mkali,
Amna