Kisigino cha Mama

Mama mdogo mpendwa,

Sauti ya kisigino cha dada yako haijanitoka masikioni. Ndiyo ishara yetu: akisahau maneno jukwaani anagonga sakafu, nami namnong'oneza nikiwa nyuma ya pazia.

Nyumbani hatujambo. Tuzo yake ya filamu bado anaitumia kutundikia funguo, na ile ya uigizaji wa jukwaani inazuia mlango wa jikoni. "Nazo zifanye kazi," anasema, "mimi nimechoka."

Jana aligonga, nikamnong'oneza. Akagonga tena, kisha akaja akalifunua pazia, akanitazama.

"Binti, wewe ni wa nani?"

Watazamaji wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi niliyaona macho yake, Mama mdogo. Hakuwa akiigiza.

Tulipokuwa tunarudi alinitania kama kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea: "Mbona umenuna hivyo, nani kakunyima kiti?" Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Mama husema siku atakayoondolewa jukwaani ndiyo siku atakayokufa. Leo asubuhi nimemweleza mwongozaji kila kitu, na jina la Mama limeshaondolewa kwenye bango. Mwenyewe hajui. Yuko chumbani anafanya mazoezi, na kila akigonga, namnong'oneza.

Mwanao