Namba ya Mbele ya Pine

Yaya Ramazani, kaka yangu mukubwa,

Ni mimi dada yako Feza ninakuandikia. Usicheke maandiko yangu. Herufi nilizichukua kidogo kidogo ku kitabu cha mwana wangu Asumani wakati alikuwa anasoma, lakini namba ulinifundisha wewe, ku pine za kamio, lile lori lako, kidole changu juu ya mupira mweusi. Shule yangu ilikuwa ile.

Tangu tulikula karamu ya arobaini yako, mambo mengi yamegeuka. Garaji iko na sefu mupya, mukubwa wa kazi, muzungu mumoja munene asiyecheka. Kiti chako wamekitupa. Ile kamio yako, Asumani njo anaiendesha sasa, anapeleka muchele Pangi kwa wachimba-madini. Unajua namna yangu: akitoka, ninachungulia barabara mupaka arudi. Na bado ninapika sombe ya watu watatu, kisha ninakumbuka tuko wawili.

Sasa sikia sababu ya barua.

Juma lililopita nilimupelekea Asumani chakula kule garaji. Kamio ilikuwa tayari, mifuko ya muchele imepangwa mupaka juu, na pine zote mupya, zinang'aa. Nikafurahi. Kisha jicho likaanguka ku namba. Za zamani zilikuwa 8.25-20. Hizi ziliandikwa 9.00-20.

Nikamuuliza fundi Amisi, unamujua na maneno yake mengi: "Amisi, hizi si kubwa?" Akajibu kwa sauti, wote wasikie: "Mama Asumani, makumi mbili ni makumi mbili! Zimeingia ku janti, ku chuma chake, bila shida. Ama leo umekuja kutupikia pine?" Wakacheka. Asumani naye akacheka kidogo, macho chini. Hiyo njo iliniuma.

Yaya, nilikusikia kabisa, kama vile umelala chini ya kamio, miguu inje: "Feza, namba ya nyuma inasema kama pine itaingia ku janti. Ya mbele inasema kama itapata nafasi." Na ile kelele yako ya kila siku, "Feza, leta mukono!", mimi niache chungu ku moto nikimbie, sababu kiganja chako kinene hakikupita katikati ya pine mbili za nyuma zinazokaa bega kwa bega, changu kilipita. "Pima na muzigo juu," ulisema. "Muzigo unakalisha kamio, pine zinatanuka, zinasuguana, zinapata moto, zinapasuka." Wapita-njia walituona wazimu, mwanamuke na mukono ndani ya magurudumu.

Nikaweka sahani chini. Nikainama mbele ya wanaume wote, nikaingiza mukono katikati ya zile mbili za nyuma, pale chini, karibu na udongo. Vidole vikaingia kidogo tu, vikakwama. Nikasema: "Hakuna nafasi. Asumani haendi."

Muzungu akatoka. Nilijua atanifukuza. Amisi akamueleza akichekacheka. Muzungu akapiga magoti, akajaribu vidole vyake mwenyewe. Kisha akamuambia Asumani azungushe usukani mupaka mwisho, na pine ya mbele ikakwaruza bati la juu yake, krrr, rangi ikatoka. Hakuna aliyecheka tena. "Toa zote," alisema. Walingojea siku mbili mupaka zile za 8.25 zikafika na treni.

Aliniuliza nani alinifundisha. Nikasema jina lako. Akalirudia vibaya, Yaya, lakini alilirudia.

Asumani alienda, akarudi siku ya ine, pine nzima, mwili muzima. Alisimama ku mulango akasema, "Mama, nisamehe kile kicheko." Nikamuambia akule kwanza, sababu machozi yalikuwa karibu. Siku hizi Amisi ananiita Sefu Mama, na mimi ninamuitika.

Asante, Yaya. Mama yetu alipokufa ulinibeba ku mugongo. Ulimupokea Asumani wakati baba yake alituacha. Haya yote nilikushukuru ungali muzima. Lakini zile namba sikukushukuru hata siku moja. Nilidhani unacheza na mimi tu, na chungu changu kinaungua.

Kesho asubuhi Asumani anaenda tena, Pangi, muzigo juu. Woga wangu uko palepale, hautatoka. Lakini ninakuahidi: sitashika tena mulango wa kamio nikimukimbilia ku barabara ya Bulamatari, ile ya serikali, vile nilifanya na wewe watu wakituangalia. Nitamupa chakula chake, nitasema "enda", nitarudi ndani.

Pumzika, ndugu yangu. Nimemuomba apige honi akipita pale makaburini. Ukimusikia, muitike, anaenda peke yake.

Dada yako,
Feza