Mkono Ulio Pembeni

Dada yangu Zuwena,

Salamu nyingi. Joto la Maskati halijaniua bado. Mtazame farasi wa kwenye kadi. Mimi ndiye nlomfunza, hakuna mwengine nchi hii aliyemuweza. Huyo anayecheka mgongoni ni tajiri wake. Mimi wamenikata pichani, nimebaki mkono tu pembeni, umeshika hatamu, na kidole kibutu.

Nilipomwambia muuza kadi wa mtaa wa Darsait kuwa mkono huo ni wangu, kanicheka: "Mzee, mkono wa yeyote huo!" Nikamwekea wangu juu ya meza, na kibutu changu, alichonitafuna farasi huyuhuyu. Akaivuta kadi karibu na macho.

Wajukuu wakiuliza babu yao alikwenda kufanya nini Arabuni, waoneshe hapo pembeni. Mungu akuweke, dada. Kwenu hapo, sasa wewe tu ndo unayejua mkono huu ni wa nani.

Kaka yako, Seif