Maandishi Meupe Juu ya Theluji

Shangazi mshauri, shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, na hii ya nne naiandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu nikiwa maktaba ya shule, kwa hiyo unisamehe miraba. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo nikilisimulia watu watacheka kwanza, watasema ni filamu tu, halafu watafika katikati waache kucheka.

Nina miaka kumi na sita na mimi si msemaji, darasani hata jibu ninalolijua hulimeza, mahali pekee ninapofungua mdomo watu wakanyamaza ni nyumbani, Jumapili mchana, mbele ya televisheni. Mama anafua mashuka hospitalini, na kibanda cha kukodisha kanda za video karibu na kazini kwake kilipofungwa, mwenye kibanda alimpa boksi zima la filamu za zamani za nchi za mbali ambazo hata bure hazikupata mtu. Ni kanda zilizorekodiwa kutoka kwenye kanda nyingine, picha ina chenga, rangi zote zimegeuka kijani, pande zimekatwa hadi unakuta pua inaongea na sikio, na deki yetu ikichoka inatafuna utepe mpaka niuzungushe kwa penseli. Wanaongea lugha ambayo hakuna kwetu anayeijua. Chini kuna maandishi ya ile lugha ya pili tunayosomea shuleni, ambayo mama hakuisoma na dada aliiacha njiani, kwa hiyo msomaji ni mimi, nasoma na kutafsiri hapo hapo, na mama ameniita Spika.

Dada yangu ni msusi. Aliolewa mwaka juzi na fundi wa mageti na madirisha ya chuma, mtu mcheshi sana akiwa kwa watu, lakini asubuhi akienda kazini anafunga mlango kwa nje na ufunguo anaondoka nao, eti mtaa una wezi. Siku moja akasahau kufunga, na dada akaja kwetu na begi la vitana na uzi, akasema amechoka kuomba ruhusa ya kuanika nguo. Wiki ya kwanza mama alimpokea vizuri, ya pili akaanza kuuliza, ya tatu akawa anasema wenzake kazini wanamuuliza yeye. Shemeji alikuja mara mbili, akakaa kwa adabu, akamwita mama "mama" kila baada ya maneno matatu.

Na mimi, Shangazi, hapa ndipo penye aibu yangu. Dada alikuwa analala kitandani kwangu na mimi niko kwenye godoro sakafuni, meza yangu ya kusomea imejaa mafuta ya nywele, analia ameuma shuka nisisikie na mimi nasikia, nina mtihani, nikawa namchukia kwa ajili ya kitanda. Sikumwambia mtu. Nilijifanya mdogo mtu mwema.

Jumapili ya wiki hiyo ya tatu tuliweka filamu ya mke wa fundi saa, nchi ya baridi, ambaye amemkimbia mumewe akakaa kwa ndugu yake. Dada alikuwa anamsuka mama. Akacheka, cheko lake la kwanza tangu aje, akasema, "Huyu mama akirudi kwake, na mimi narudi."

Mama akasema taratibu, "Haya, Spika. Tusomee vizuri."

Mwishoni yule mke amesimama stesheni, mume yuko mbele yake, theluji kila mahali, na maandishi ni meupe juu ya theluji nyeupe, huoni kitu. Lakini kuna mchukuzi wa mizigo mwenye koti jeusi anayepita nyuma ya yale maandishi, na kwa hatua zake nne yanasomeka. Mimi nilikuwa nimeshaiangalia kanda ile peke yangu mara mbili, nilijua pa kutazama. Yalisema: Sirudi. Hata ukinifuata, sirudi.

Mimi nikasoma, "Nimekosa mimi, twende nyumbani."

Halafu zikaja chenga na kanda ikaisha kabla hatujaona ameelekea wapi. Dada alimaliza msuko uliokuwa mkononi, akaufunga uzi, akasema, "Basi, tumerudi wote." Jumatatu niliporudi kutoka shule begi lake halikuwepo. Nikalala kitandani kwangu, na nililala usingizi mzuri, Shangazi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa ni miezi miwili. Juzi nilitoka shule nikaenda kwake. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, tukaongea dirishani, na dirisha lina nondo mpya zenye maua ya chuma, shemeji amezitengeneza mwenyewe na amezipaka rangi nzuri. Dada ameisha. Akaona msuko wangu mmoja umefumuka, akaniambia nigeuke, akapitisha mikono katikati ya nondo akanisuka. Nikiwa nimempa mgongo akaniuliza, "Yule mama wa theluji, unadhani kwake alikuwa na ufunguo?" Nikasema sijui, kanda iliishia pale.

Nilimweleza mama yote. Hakuacha kukunja nguo. Akasema, "Nilijua. Lugha siijui, lakini uso wa mwanamke anayerudi naujua, nimewahi kuuvaa. Ule haukuwa wenyewe. Sasa nyamaza, usije ukavunja nyumba ya watu."

Nikimwambia dada atajua nilimuuza kwa kitanda, nikinyamaza yuko kule ndani, na Jumapili inayokuja mama atawasha deki aniite. Nifanye nini?

Ni mimi, Spika.

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, ndipo nikaimaliza.

Ulidanganya, na hukukosea kusoma. Uliyaona maneno, ukayageuza, kwa sababu ya kitanda. Nafurahi umeliandika hilo mwenyewe bila kulipaka sukari, umenipunguzia kazi.

Lakini usijivishe ukubwa usio wako. Filamu haikumrudisha dada yako. Alikaa wiki tatu katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa anamhesabia siku, na hakuna aliyemwambia kaa. Akabaki na mahali pamoja pa kuuliza, kanda ya zamani yenye chenga, akauliza kwa mzaha ili akijibiwa vibaya asionekane ameumia. Mlisikia wawili. Mmoja alisoma uongo, mwingine aliutambua akakaa kimya kichwa chake kikiwa mikononi mwa binti yake. Mama wa Spika, kama gazeti hili limekufikia: uso ule uliwahi kuuvaa, na bado ukaona umfae mwanao. Sina la kukuongezea.

Kuhusu kuvunja nyumba: nyumba inayofungwa kwa kufuli la nje na mtu akiwa ndani imeshavunjika, na ukitokea moto itakuwa na maiti. Huo si ugomvi wa mume na mke wa kuachiwa wenyewe. Ni kosa, liwe na maua ya chuma au lisiwe nayo.

Sasa sikiliza. Shemeji yako usimkabili, wala usiende kule peke yako tena. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, mtafute mwalimu mmoja mtu mzima unayemwamini, umpe barua hii aisome kama ulimi utakataa. Mwambie akupeleke ofisi ya ustawi wa jamii, na wao wanajua njia ya kufika polisi. Mwende mchana, pamoja na watu wazima, dada aulizwe yeye mwenyewe anataka nini, na safari hii asipatikane mtu wa kumtafsiria.

Ukweli wako utamwambia akishatoka, maneno yale yale yaliyokuwa kwenye koti la mchukuzi, bila kupunguza. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka achoke, na usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, maana huko ni kumtwisha mzigo mwingine wa kukubembeleza. Jumapili mama akiwasha deki, sema umestaafu.

Hayo ni ya kesho. Leo ukitoka shule, ondoa vitabu vyako mezani, tandika kile kitanda shuka safi, mama yako anazijua, na urudishe godoro lako sakafuni. Kisha mtakapofika kwenye lile dirisha, wakubwa wakiwa wanahangaika na kufuli, usianze na habari za filamu. Sogea kwenye nondo umwambie kwa sauti, kwa kuwa sauti unayo, tumeshaona ilichoweza kufanya: Dada, kitanda chako kimetandikwa, na mlango wa kwetu unafungwa kwa ndani.